Maji Chini ya Godoro

Mwenyekiti wa kamati ya bwawa alikuwa na chemchemi yake mwenyewe, na hakuna mgeni aliyewahi kunywa maji nyumbani kwake bila kusimuliwa habari zake. Nyumba yake ilikuwa chini kabisa ya tuta la bwawa, mahali ambapo majani yalibaki mabichi hata kiangazi kilipokausha kila kitu. Nyuma ya nyumba hiyo, hatua chache kutoka kwenye mguu wa tuta, maji safi yalitoka ardhini yenyewe, mchana na usiku. Mwenyekiti aliyazungushia uzio wa mabati, akayatilia mlango, akayaita baraka. Mungu akikupenda, aliwaambia wageni huku akiwajazia bilauri, hukuletea maji mpaka mlangoni.

Kwamba Mungu huyo aliyapitisha maji yake ndani ya tuta la bwawa, kila mwenye macho alijua. Bwawa lilikuwa upande mmoja, chemchemi upande wa pili, na katikati lundo la udongo lililoshindiliwa zamani na mkandarasi ambaye hakuna aliyekumbuka hata sura yake. Lakini Mwenyekiti ndiye aliyegawa zamu za maji ya kumwagilia, na mtu anayengoja zamu hana haja ya kujifanya mjuzi wa matuta. Wakulima walikuja, wakanywa, wakasifu utamu wa maji, wakarudi mashambani. Walikuwa watu wazima wenye akili zao timamu, na walijitia hamnazo kwa ustadi mkubwa.

Mwaka huo ikatangazwa kwamba Mkaguzi wa mabwawa angekuja mwenyewe. Miaka ya nyuma alikuwa akikagua kwa simu: anauliza kama bwawa lipo, anaambiwa lipo, anashukuru. Lakini huko mbali bwawa la watu wengine lilikuwa limepasuka, wakubwa wakashtuka kidogo, na mtu anayeshtuka kidogo hutuma mtu mwingine.

Habari hizo zilimvimbisha kichwa Mwenyekiti. Aliitisha mkutano, akasema mgeni hawezi kuonyeshwa bwawa nusu, kama bilauri iliyokwisha kunywewa. Lifungwe, lijae mpaka juu, mheshimiwa aone maji. Wakulima wakapiga makofi. Mazao yao yalikuwa yanahitaji maji wiki ile ile, na makofi yale yalikuwa ya kukubali mazao yao yanyauke ili bwawa lipendeze.

Kazi ya kulifunga lango la kutolea maji ilikuwa ya mdogo wake Mwenyekiti, aliyeitwa Kufuli kwa sababu ya shada la funguo alilolining'iniza kiunoni hata siku ya mapumziko. Kufuli alilifunga lango, maji yakapanda. Na maji yalipopanda, chemchemi ikabadilika rangi.

Aliyegundua alikuwa mke wa Mwenyekiti. Alilifua pale shati jeupe la mumewe, lile lililonunuliwa kwa ajili ya ugeni, na shati likatoka na rangi ya chai ya maziwa. Alilisuuza tena, likazidi. Akaja nalo sebuleni akiwa amelishika kwa vidole viwili.

Mwenyekiti aliliangalia shati, akaenda kuiangalia chemchemi. Yale maji yaliyokuwa yakitoka kwa adabu sasa yalitoka kwa kusukumana, na yalikuwa na udongo. Kufuli alikuwa amesimama nyuma yake. Akasema kwa sauti ya mtu anayeongea na funguo zake, "Kaka, huo udongo unatoka wapi?"

"Unatoka kwa jirani," alijibu Mwenyekiti.

Jirani alikuwa mjane mwenye nyumba ya vyumba viwili juu ya kilima na kipande cha shamba kando ya tuta. Alikuwa akichimba mashimo ya kupandia, kama alivyochimba kila mwaka. Kwamba shamba lake lilikuwa chini ya chemchemi wala si juu yake, na kwamba maji hayajawahi kupanda kilima ili kuchafua yalikotoka, hayo Mwenyekiti hakuyapa nafasi. Alikwisha kumpata mkosaji, na mkosaji hana mume. Jioni hiyo hiyo zamu ya mjane ikafutwa.

Mjane alikuja kuomba radhi kwa kosa asilolijua. Aliachwa amesimama mlangoni mpaka watu wa nyumba walipomaliza kula, kisha akaambiwa asogee lakini asikanyage zulia. Alieleza kwamba mashimo yake ni ya kina cha kiganja tu. Mwenyekiti alimsikiliza huku akichokonoa meno. Mwishowe akasema kwamba siku ya ugeni watahitajika wanawake wa kuosha vyombo, na mtu akijituma, kamati si mawe, itamfikiria. Mjane alishukuru, akatoka bila kukanyaga zulia.

Hata hivyo, maji hayakusafika. Basi Mwenyekiti akamwita fundi mwashi na kumwamuru aizibe chemchemi yote kwa zege, unene wa kutosha, na juu asawazishe vizuri, kwa sababu pale pale pangefungwa turubai na mheshimiwa angepata chakula chake. Fundi alichuchumaa, akayatazama maji yakimpita vidoleni.

"Nikiziba hapa, Mwenyekiti, maji yataenda wapi?"

"Yatarudi yalikotoka."

Fundi hakuwa mtu wa kubishana na mwenye saruji. Alimwaga zege, akalisawazisha, akapitisha mwiko mpaka likang'aa. Mwenyekiti alilikanyaga baadaye kwa viatu vyake vya ngozi, akaenda huku na kule juu yake. Halikutoa hata tone. Aliona fahari kubwa, kama mtu aliyemfunga mdomo mwongo.

*

Mama yake Mwenyekiti alilala chumba cha nyuma, kile kilichotazamana na tuta. Miguu yake ilikuwa imemchosha zamani. Kitanda kilimshinda kupanda, kwa hiyo godoro lake liliwekwa sakafuni, na ubavuni pake fimbo ya kujiegemeza. Hakuwa bibi mpole wa kukaa na kutabasamu. Alikuwa na ulimi, na alikuwa na usafi wa kukera watu. Tangu siku mkewe Mwenyekiti alipoingia nyumba ile akiwa bibi harusi, mama mkwe alikuwa akiinua sufuria zake na kuzitazama chini, akipitisha kidole juu ya kabati, akinusa mataulo. Alinusa, akaliweka taulo pale alipolitoa, na mwenye taulo akaelewa.

Kwa hiyo asubuhi moja, zege lilipokuwa bado changa, mkwe alipoingia chumbani na kukuta godoro la mama limelowa, kuna kitu ndani yake kilichocheka kabla hajakikataza.

"Mama, mbona hukuita?" alisema kwa sauti ya huruma. "Tungekusaidia kwenda msalani."

"Nilikwenda msalani, nikarudi. Haya maji yametoka chini."

"Sawa, mama."

"Yametoka chini ya godoro, nakwambia. Shika hapo."

"Sawa, mama. Nyanyuka tukubadilishe."

Ile "sawa, mama" ndiyo iliyomkata maini bibi. Angetukanwa angejibu. Alibadilishwa shuka kama mtoto, na godoro likatolewa nje na kuanikwa juu ya uzio wa mbele, upande wa barabarani. Kulikuwa na uzio wa nyuma, wenye jua zaidi, lakini mkwe alichagua wa mbele. Waliopita wakauliza, naye akawajibu kwa sauti ya chini, ile ya chini inayofika mbali, kwamba ni uzee tu, tumwombee.

Siku iliyofuata godoro lilikuwa limelowa tena. Likatandikwa nailoni. Siku iliyofuata tena, nailoni ilikuwa inaelea. Watoto wa nyumba walimtungia bibi yao wimbo wenye neno moja tu, kikojozi, wakauimba dirishani mpaka baba yao alipowafukuza. Aliwafukuza kwa sababu ya kelele. Kuhusu neno lenyewe hakusema kitu.

Bibi aliita kila aliyepita. Alimwita Kufuli, mwanawe wa pili, akamwonyesha ufa kwenye kona ya sakafu ambapo maji yalichomoza taratibu, yakiwa na udongo mwembamba mwekundu. Kufuli alichutama, akatia kidole kwenye ufa, akakitazama kidole. Akaufahamu udongo ule, maana ndio aliokanyaga kila siku juu ya tuta. Kisha akayakumbuka maneno ya kaka yake, kwamba mtu atakayetaja uvujaji kabla ya ukaguzi unga wake umemwagika. Maana bwawa likionekana linavuja, Mkaguzi ataagiza lipunguzwe, mashamba yatakauka, na kamati itavunjwa pamoja na kazi zake zote, ya kushika funguo ikiwa ya kwanza.

"Nitamwambia kaka," alisema Kufuli, akifuta kidole kwenye suruali.

Alimwambia kweli. Alimwambia wakati kaka yake anaongea na simu, akiwa amempa mgongo, na aliporudishiwa swali, "Unasema nini wewe?", alijibu kwamba hakusema kitu. Baadaye Kufuli aliwaeleza watu wengi kwamba yeye alionya.

*

Siku ya mwisho kabla ya ugeni, Mwenyekiti mwenyewe aliingia chumbani kwa mama yake akiwa na furushi la gazeti kwapani. Hakukaa. Alisimama pale ambapo sakafu ilikuwa bado kavu na kuanza kuzunguka, kwamba kesho ni siku kubwa, kwamba wageni ni watu wazito, kwamba kila umri una mambo yake na daktari anasema si jambo la aibu.

"Una nini kwapani?" aliuliza mama yake.

Akalifungua gazeti. Ilikuwa pakiti ya nepi za watu wazima, na juu yake picha ya kizee cha kizungu kinacheka.

Bibi aliitazama picha ile kwa muda mrefu. Mtu huyu aliyesimama mbele yake, yeye bibi ndiye aliyemfulia nepi tangu akiwa mchanga mwekundu. Alimfulia shuka alipokuwa na homa, alimfulia mpaka alipoanza shule, kwa kuwa mwenyekiti huyu wa kamati alikojoa kitandani muda mrefu kuliko watoto wengine, na yeye mama yake aliamka kabla ya nyumba nzima kila siku akalificha shuka lile ili asichekwe. Hakuwahi kulianika mbele. Hayo yote yalimjia mdomoni akayameza. Akashika ncha ya shuka lililolowa, akamnyoshea.

"Nusa."

"Mama, tafadhali."

"Haya maji ni ya baridi. Mkojo wa mtu hutoka na joto, tena una harufu, hata wa mama wa mwenyekiti. Inama unuse mwanangu, halafu nitazivaa hizo unazotaka nizivae."

Mwenyekiti alitazama shuka, akatazama viatu vyake. Kuinama pale kulihitaji kupiga goti moja kwenye maji. Na pengine palikuwa na jingine: pengine alijua kwamba akinusa asipate harufu, itabidi afikirie, na kufikiri siku ile kungemgharimu kila kitu. Zege lilikwisha kukauka. Turubai lilikwisha kukodiwa.

"Vaa tu, mama," alisema. "Kwa ajili yangu."

Akaiweka pakiti juu ya kiti, akatoka. Bibi alizivaa. Alivalishwa na mkwe wake, akiwa amegeuzia uso ukutani, na mkwe kwa mara ya kwanza hakuona raha aliyoitarajia. Lakini hakuacha kumvalisha.

*

Mkaguzi alifika jua likiwa limepanda, na alikuwa amevaa viatu vya mpira vipya kabisa. Kibandiko cha bei kilikuwa bado kwenye soli, na kilirudi ofisini kikiwa salama. Alipandishwa juu ya tuta, ambalo nyasi zake zilikuwa zimekatwa na mawe yake kupakwa chokaa. Bwawa lilikuwa limejaa hadi mdomoni.

"Maji mnayo," alisema Mkaguzi.

Wakulima walicheka kwa furaha. Mashamba yao yalikuwa yamenyauka mbele ya macho yao, lakini mheshimiwa ametania.

Aliuliza kama kuna mahali panapovuja. Mwenyekiti alijibu kwamba hata tone. Mkaguzi akawageukia wakulima, na wao, mmoja baada ya mwingine, watu waliokunywa maji ya uvujaji ule kwa miaka na kuyasifu utamu, wakasema hata tone. Kufuli aliulizwa wa mwisho. Alitikisa kichwa, na funguo zikatikisika pamoja naye. Mkaguzi alipiga picha bwawa, akapiga nyingine yeye na bwawa, na ukaguzi wa tuta ukaishia hapo, kwa kuwa harufu ya nyama ilikuwa imeanza kupanda kutoka chini.

Turubai lilifungwa juu ya zege. Mkaguzi aliwekwa kiti cha heshima, chenye mto. Alikula vizuri. Katikati ya chakula alihisi ubaridi, akatazama chini, akaona zege limepata ufa na mguu mmoja wa kiti chake umesimama ndani ya kidimbwi kidogo chekundu. Alikitazama kidimbwi. Mwenyekiti alimtazama akikitazama. Kisha Mkaguzi akainuka kidogo, akasogeza kiti pembeni mpaka pakavu, akaendelea na paja la kuku. Huo ndio ukaguzi pekee alioufanya siku ile kwa macho yake mwenyewe.

Wakati huo fimbo ilikuwa inagonga ndani ya nyumba. Ilianza polepole, ikaongeza kasi. Mkwe alikuwa amefunga chumba cha nyuma kwa nje ili bibi asije akajitokeza na yale mambo yake.

"Nani huyo?" aliuliza Mkaguzi.

"Mama yangu, mheshimiwa. Uzee. Amerudi utotoni."

Mkaguzi alisikitika, akasema hata mama yake naye hivyo hivyo, inatia huzuni sana. Mtu akaambiwa aongeze muziki, na muziki ukaongezwa.

Mjane alikuwa ukumbini na karai la sahani. Yeye muziki haukumziba masikio. Alifuta mikono, akafungua mlango. Bibi alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, amejifunga shuka kifuani, fimbo mkononi, na maji yamemfika vifundoni. Pakiti ya nepi ilikuwa inaelea, yule mzee wa kwenye picha bado anacheka.

Mjane alikwenda mbio kwa mke wa Mwenyekiti, aliyekuwa anapakua, akamnong'oneza kwamba chumba cha mama kimejaa maji.

"Umeona sasa ninayoishi nayo?" alisema mke wa Mwenyekiti. "Mpeleke kwako mpaka wageni waondoke. Mpitishe nyuma, asionekane."

Mjane alisimama kidogo. Mkaguzi alikuwa pale, umbali wa kurusha kijiko. Sentensi moja ingetosha. Lakini zamu yake ilikuwa imeahidiwa kurudishwa jioni ile, naye alikuwa na mimea inayokufa, akaimeza sentensi yake kama wenzake. Alichofanya ni kumbeba bibi mgongoni na kupanda naye kilima kwa njia ya nyuma. Alikuwa wa mwisho kukosea, na mkosaji pekee aliyebeba mtu.

"Umeyaona?" bibi alimuuliza sikioni.

"Nimeyaona, mama."

"Yana joto?"

"Ya baridi. Ya baridi kabisa."

Bibi aliegemeza kichwa kwenye bega la mjane, akalia kimya kimya, kwa furaha ya kusadikiwa.

*

Mkaguzi aliondoka ameshiba, na kuku wawili kwenye buti la gari. Alikwisha kutamka mbele ya wote kwamba bwawa ni imara na ni la mfano. Kufuli aliomba lifti mpaka barabara kuu, akitarajia kupewa chochote. Chini ya turubai Mwenyekiti alikuwa anapokea pongezi, jasho limemlowesha shati jipya, maana lile la kwanza halikutakata. Ndipo mkulima mmoja, kwa nia njema au mbaya, akamuuliza kama ni kweli mama amehamia kwa mjane.

"Amehamia nani?"

"Tumemwona anapandishwa kilimani, kabebwa mgongoni. Watu wanasema amefukuzwa."

Hapo Mwenyekiti alishtuka. Maji kwenye zege hayakumshtua, fimbo haikumshtua, lakini kusemwa kulimshtua. Mama wa mwenyekiti, siku ya sifa za mwenyekiti, analala kwa mwanamke asiye na zamu. Alimwita mkewe, wakatoka kwa hatua za hasira. Watoto wakafuata, kwa kuwa ugomvi wa wakubwa haukosi watazamaji. Waliokuwa chini ya turubai nao wakafuata, sahani mkononi, kwa sababu hiyo hiyo. Nyumba ikabaki tupu, muziki unapiga peke yake.

Walimkuta bibi uani kwa mjane, kwenye mkeka, miguu imefutwa, amefunikwa shuka kavu.

"Mama, unanivua nguo mbele za watu," alisema Mwenyekiti.

"Mimi ndiye niliyevalishwa nepi."

"Turudi nyumbani."

"Kile chumba sirudi mpaka ukanuse."

"Mama, wewe umri umekwenda, kubali," alidakia mkwe wake. "Kila mtu anajua ulichokuwa unakifanya mle."

Mwenyekiti alikuwa amefungua mdomo ili aseme jambo la mwisho, lile la amri. Muziki ukakatika huko chini. Wote waligeuka, kwa vile ukimya ndio uliowashtua kwanza. Lile zege lililosawazishwa likainuka upande mmoja kama kifuniko cha sufuria inayochemka, turubai likalala, viti vikaanza kuondoka kimoja kimoja, kile chenye mto kikitangulia. Kisha katikati ya tuta pakabonyea. Palibonyea taratibu, mtu angeweza kudhani litaishia hapo. Baada ya hapo hapakuwa tena na taratibu. Ukuta wa chumba cha nyuma ulikwenda kwanza, ukafuatwa na nyumba nzima, mabati yake yakielea kidogo yakipiga kelele, na bwawa lote lililojazwa kwa ajili ya mgeni likashuka juu ya mashamba ya wale waliolipigia makofi. Mwanamke mmoja alianza kupiga mayowe akiwa bado ameshika sahani. Mwenyekiti alisimama tu na mdomo wake uliofunguliwa kwa ajili ya amri.

Hakuna aliyekufa. Aibu ndiyo iliyowapandisha kilimani, wala si akili, lakini baadaye Mwenyekiti aliwaeleza watu kwamba aliihamisha familia yake kwa wakati, na kwamba uongozi ni kuona mbali.

*

Safari hii wakubwa walikuja wenyewe. Uani kwa mjane ndipo palipokuwa mahali pakavu pa karibu, kwa hiyo viti vikapangwa pale. Chini yao palikuwa na uwanda wa matope mekundu, na mahali ilipokuwa nyumba hapakuonekana hata tofali. Mkaguzi alikuwapo, na vile viatu vyake. Alieleza kwamba alipolikagua bwawa lilikuwa imara, bila shaka ni mvua kubwa. Mkubwa wake alitazama juu. Mbingu ilikuwa nyeupe kwa vumbi, mvua haikuwa imenyesha kwa miezi mingi. Mkaguzi akasema huenda ilinyesha juu zaidi.

Mwenyekiti aliulizwa. Alisema ni kazi ya Mungu, na kwamba hapakuwa na dalili yoyote. Wakulima waliulizwa. Walikuwa wamepoteza kila kitu, hawakuwa tena na zamu ya kuogopea, na bado walisema hawakuona dalili. Kama walikuwa wakijua, basi walipiga makofi wakijua, na hilo hakuna aliyetaka kulala nalo. Kufuli alisema yeye alionya, lakini alipoulizwa alimwonya nani akasema amesahau. Mjane alikuwa amesimama kando na karai lake. Mkubwa hakumuuliza, akidhani ni mtumishi.

Ndipo akamwona bibi mlangoni, ameketi na fimbo yake, akauliza huyo ni nani. Akaambiwa ni mama wa Mwenyekiti, aliishi nyumba ile ile, lakini mheshimiwa, umri umekwenda. Mkubwa alikuwa na adabu. Alimsogelea, akamwamkia, akamuuliza kama yeye aliona kitu chochote kabla ya siku ile, maji, unyevu, chochote.

Mwenyekiti alimtazama mama yake, na kwa mara ya kwanza tangu utotoni macho yake yalikuwa yanaomba. Ni macho yale yale aliyokuwa akimkodolea alfajiri zile, amesimama kando ya kitanda kilicholowa, akingoja shuka lifichwe. Bibi aliyatambua. Mwenyekiti akadhani atalificha tena.

"Niliona maji, mwanangu," alimwambia mkubwa. "Yalitoka chini ya godoro langu kila siku. Nikawaambia mle ndani, wote, wakaniambia nimekojoa."

Mke wa Mwenyekiti alijifunika uso kwa mtandio. Bibi aliinyosha fimbo yake kuelekea chini, kwenye yale matope yaliyofika mpaka macho yalipoishia.

"Basi wewe andika hivyo hivyo, usihangaike na mvua," akasema. "Andika kwamba bwawa lilibomolewa na mkojo wa mama wa Mwenyekiti. Na kama hawa watabisha, waambie washuke wakanuse."

Mkubwa alibaki na kalamu hewani. Mkaguzi alikuwa ameshika mikono ya kiti chake, akitafuta pa kusogea, lakini nyuma yake palikuwa na ukuta wa mjane.